Kumkaba Mmoja, Kuchunga Wote: Uhakiki wa Mazungumzo ya Mashabiki wa Kikapu Kansanga

Tunapofundishwa fasihi simulizi, mifano mingi hutoka mbali: majigambo ya Wahaya, malumbano ya watani, nyimbo za mabaharia. Katika makala haya nimechukua mfano wa karibu zaidi. Nitahakiki mazungumzo ya mashabiki wa mpira wa kikapu kwenye kibanda cha rolex kando ya Barabara ya Ggaba, hapa Kansanga, Divisheni ya Makindye. Nilikuwa miongoni mwa wasemaji, kwa hiyo uhakiki huu unanihusu mimi mwenyewe kama unavyowahusu wengine.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, tarehe 25 Oktoba 2023. Usiku wake, kuanzia saa nane na nusu kwa saa zetu, ligi ya Marekani ilikuwa imefungua msimu kwa mchezo wa Denver Nuggets na Los Angeles Lakers. Denver walikabidhiwa pete zao za ubingwa wa kwanza katika historia yao, kisha wakashinda kwa pointi 119 kwa 107. Nikola Jokić alifunga pointi 29, akadaka ribaundi 13 na kutoa pasi 11 za mabao. Anthony Davis wa Lakers alifunga pointi 17 katika nusu ya kwanza. Katika nusu ya pili alirusha mara sita na hakufunga hata pointi moja.

Sifuri hiyo ndiyo iliyozaa fasihi tunayoihakiki. Mtanzania mmoja alifungua ulingo: "Davis kaingia mitini!" Mkenya akapokea: "Hiyo kesi imefungwa. Jokić ni baba yake." Ndugu yetu wa Goma, kwa Kiswahili cha kwao, akapigilia msumari: "Davis iko muoga tu, tangu zamani." Mimi nikaleta methali, kama mwanafunzi wa Kiswahili anavyotarajiwa: nyota njema huonekana asubuhi. Denver wangetwaa tena ubingwa, na Davis asingeweza kamwe kumtazama Jokić usoni. Watu wakapiga makofi. Nakiri nilifurahi sana.

Kifani, mazungumzo haya yana sifa nyingi za sanaa. Kuna fanani na hadhira wanaobadilishana nafasi bila kuambiwa. Kuna takriri, kwa maana neno "sifuri" lilirudiwa hadi muuza rolex naye akalidaka, akawa anamuuliza kila mteja kama anataka mayai mawili au sifuri. Kuna tashbihi, kejeli na chuku. Kuna pia sheria ambazo hazijaandikwa popote: ukitaniwa usikasirike, ukitaja takwimu ujue imetoka wapi, na shabiki wa timu iliyoshindwa apewe nafasi ya kujitetea hata kama hakuna atakayemsikiliza. Anayeyaita mazungumzo haya kelele za vijana wasio na kazi hajayasikiliza vizuri.

Udhaifu uko katika maudhui. Mazungumzo yetu yaliugeuza mchezo wa watu kumi uwanjani kuwa pambano la watu wawili. Tuliuliza swali moja tu: nani anamkaba nani? Tukishapata jibu, kila kitu kingine kilifutika. Hakuna aliyetaja kwamba Jamal Murray alifunga pointi 21 usiku ule, wala kwamba Kentavious Caldwell-Pope, aliyewahi kuwa bingwa akiwa na Lakers hao hao mwaka 2020, aliwafunga pointi 20. Hakuna aliyetaja kwamba LeBron James alichezeshwa dakika 29 tu. Kila ushindi una sababu nyingi, lakini kibanda kilitaka moja.

Kulikuwa na kijana mmoja Mganda, mlinzi wa timu ndogo ya mtaani, ambaye alikuwa amekula kimya muda wote. Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani. Aliuliza, "Lakini, nani nachunga ule Murray?"

Tulicheka. Hatukulicheka swali, tulicheka neno. Mtanzania akamjibu, "Ssebo, Murray si mbuzi!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na cha kwangu kilikuwa miongoni mwa vilivyosikika mbali. Nikamsahihisha kwa sauti ya mwalimu: mchezaji hukabwa, mifugo ndiyo huchungwa. Kijana akatabasamu, akalipa, akaondoka. Swali lake halikujibiwa.

Lilijibiwa miezi sita baadaye. Asubuhi ya tarehe 23 Aprili 2024 kwa saa zetu, timu hizo hizo zilikutana katika mchezo wa pili wa hatua ya mtoano. Lakers waliwahi kuongoza kwa pointi 20. Davis, "muoga" wetu, alifunga pointi 32. Wakati kengele ya mwisho inalia, ubao ulisoma 101 kwa 99, Denver wakiwa mbele. Aliyerusha mpira wa mwisho alikuwa Murray, na aliyenyoosha mkono kumzuia bila kufanikiwa alikuwa Davis mwenyewe. Siku chache baadaye, katika mchezo wa tano, Murray tena ndiye aliyefunga pointi za ushindi, 108 kwa 106, na Lakers wakaaga mashindano. Mbuzi asiyechungwa alikuwa amemaliza shamba.

Na nyota yangu njema ya asubuhi? Tarehe 19 Mei 2024 Denver, wakiwa kwao, waliongoza kwa pointi 20 dhidi ya Minnesota katika mchezo wa saba, kisha wakapoteza kwa 98 kwa 90. Ubingwa haukurudi. Methali iliyonifaa siku ile ya Oktoba ilikuwa nyingine kabisa, nayo ni fupi: kutangulia si kufika. Mchezo wa kwanza kati ya 82 hautoshi kufunga kesi ya mtu yeyote.

Nimelifikiria sana neno la yule kijana. Kukaba ni kubana, hasa shingo; mikono yako iko kwa mtu mmoja na macho yako hayaoni zaidi yake. Kuchunga ni kuangalia kundi zima: huyu anakula, yule anatoroka, fisi yuko wapi. Katika kikapu, ulinzi mzuri unahitaji yote mawili. Mei 2023, Lakers walipojaribu kumzuia Jokić mwishoni mwa mchezo wa kwanza wa fainali ya Magharibi, walimweka Rui Hachimura amkabe, ili Davis abaki nyuma akisaidia popote penye pengo. Kwa hiyo hata lile "pambano" tulilolishangilia, la Davis na Jokić ana kwa ana, makocha wenyewe waliwahi kuliepuka kwa makusudi. Davis alipewa kazi ya kuchunga. Neno la kijana lilikuwa kosa kwa mujibu wa kamusi yetu ya michezo, lakini lilieleza mchezo vizuri kuliko neno letu sahihi.

Kuna atakayesema kwamba ushabiki hauwezi kuwa darasa la makocha, na kwamba masimulizi huhitaji shujaa na hasimu. Nakubali kwa sehemu. Bila Davis na Jokić, asubuhi ile tungekula na kuondoka. Lakini hata masimulizi yetu ya kishujaa yanajua zaidi ya hapo. Fumo Liyongo hakuangushwa na shujaa mwenzake katika pambano la wazi. Aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, na hatari ilitoka pale ambapo hakuwa akiangalia. Msimulizi mzuri humwonyesha shujaa, kisha humwonyesha pia yule ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama.

Mifano ya nyumbani pia tunayo. Mwaka 2021 jijini Kigali, katika mashindano ya AfroBasket, timu ya taifa ya Uganda, Silverbacks, iliitoa Nigeria kwa pointi 80 kwa 68 na kuingia robo fainali. Ishmail Wainright na Arthur Kaluma walisifiwa, na walistahili. Hata hivyo, mtu akiusimulia ushindi ule kama kazi ya wawili, atakuwa amewafuta wenzao. Hapa Makindye tuna Titans wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na tuna Blazers wa Namuwongo, na wote hucheza ligi kuu ya taifa. Kibandani petu mtu anaweza kutaja kikosi chote cha Denver, lakini ukimwomba ataje watano wa Titans, anaanza kuagiza chai. Ushabiki wa watu wawili maarufu ni rahisi kwa sababu majina yao huletwa na televisheni. Ushabiki wa kuchunga unadai uende uwanjani.

La mwisho linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili zaidi ya mashabiki. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia kifundishwe shuleni kwa lazima. Wote tunajua kwamba karatasi hizo hazijafuta kumbukumbu za wazee wengi wa Kampala, waliokisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mwanajeshi aliyeshika bunduki. Kijana anayekaa kibandani na kuuliza kuhusu Murray kwa Kiswahili amevuka mto ambao sisi tuliozaliwa ng'ambo ya pili hatukuwahi kuuona. Siku ile Kiswahili hakikuwa amri wala mtihani. Kilikuwa lugha ya chapati na mabishano, mpaka nilipokigeuza kuwa mtihani tena.

Hukumu yangu basi ni hii. Mazungumzo ya Kansanga ni fasihi hai, yenye fani iliyoiva, lakini yana pengo moja kubwa: yanamkaba mmoja na kuwaachia wengine. Yaliwaachia Murray na Caldwell-Pope, yakawaachia Titans na Blazers, na yakamwachia msemaji ambaye swali lake ndilo lilikuwa bora kuliko yote.

Bado hula rolex pale pale. Nilimwambia kuhusu mpira wa Murray wa Aprili. Alikuwa ameshauona. Akaniuliza kama sasa ninajua nani anachunga mbuzi.