"Samaki Pundamilia": Uhakiki wa Istilahi Moja

Kazi ya istilahi ni kukibainisha kitu kisichanganyike na kingine. Istilahi isiyotimiza kazi hiyo, hata ikiwa tamu masikioni, ni mtego kwa mwanafunzi. Hoja hii yafaa ipimwe kwa samaki mmoja mdogo wa maji baridi, Danio rerio, ambaye hutumiwa sana katika maabara za baiolojia. Kwa kuwa jina lake la Kiingereza humfananisha na pundamilia, mfasiri mwenye haraka hushawishika kumwita "samaki pundamilia".

Hatuna budi kumtazama kwanza samaki mwenyewe. Kwao ni vijito vya mwendo wa polepole, madimbwi na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Kwa kawaida urefu wake haufiki sentimita 5. Ana jozi mbili za sharubu, na ubavuni ana milia ya buluu iliyokolea, inayoanzia nyuma ya kichwa na kunyooka hadi kwenye pezi la mkia. Milia ya ubavuni mwa pundamilia, kinyume chake, huteremka kutoka mgongoni kuelekea tumboni. Basi mwanafunzi atakayemtambua samaki huyu kwa kuliamini jina atatafuta milia ya wima, naye hataiona.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake waliwatenga baadhi ya furu wa Ziwa Viktoria katika jenasi waliyoipa jina la Kiswahili, Pundamilia. Humo wamo Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili akiwa na jina la kumuenzi Mwalimu Nyerere. Furu hao wana milia ya wima hasa. Wanasayansi walilichukua neno letu wakalitumia kwa maana yake. Je, sisi wenyewe tulichukue tumpe samaki wa Asia asiyestahili? Msomaji wa Mwanza atajuaje ni yupi anayezungumziwa?

Njia bora ilikwisha kuonyeshwa. Francis Hamilton, tabibu wa Uskoti, alimweleza samaki huyu mwaka 1822 katika kitabu chake juu ya samaki wa mto Ganges, akamwita Cyprinus rerio. Mara nyingi Hamilton hakubuni majina, bali aliyapokea kwa wenyeji: rohita na catla ni mifano mashuhuri. Neno danio nalo lina asili ya Kibengali.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza istilahi "danio milia". Atatokea wa kusema kwamba danio ni neno geni. Ni kweli, lakini linaishia kwa irabu, linatamkika bila taabu, na linamtaja samaki kwa asili ya kwao. Milia ni neno letu, nalo latosha kumsifu bila kumtumbukiza punda majini.

Jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba danio milia huweza kuuotesha upya moyo wake uliojeruhiwa. Samaki wa namna hiyo hakosi kuingia katika vitabu vya shule. Na jina likishapigwa chapa, kuling'oa ni kazi ya kizazi kizima.