Istilahi za Leseni na Matumizi ya Ardhi katika Sheria za Bangi za Marekani

Mfasiri anapopewa hati ya kigeni inayohusu jambo ambalo kwao ni kosa la jinai, hukabiliwa na shida isiyo ya kawaida: lugha yake ina msamiati wa kulikataza jambo hilo, lakini haina msamiati wa kulisimamia. Ndivyo ilivyo kwa hati zinazohusu biashara ya bangi nchini Marekani. Hapa Tanzania bangi imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na maneno tuliyo nayo juu yake ni ya polisi na mahakama: kukamata, kuteketeza, kushtaki. Huko Marekani majimbo kadhaa yameifanya kuwa bidhaa ya dukani, na hati zake zimejaa maneno ya afisa ardhi na afisa biashara.

Isidhaniwe kwamba hati hizo haziwahusu wasemaji wa Kiswahili. Wapo wengi, hasa waliotoka Kongo, wanaoishi sasa katika miji ya Marekani, nao hutegemea tafsiri wanapotafuta kazi, wanapopanga chumba au wanapotaka kufungua biashara. Kwa ajili hiyo twaona yafaa istilahi hizi zihakikiwe.

Ili tusimnyoshee kidole mfasiri yeyote, tumetunga wenyewe sentensi moja inayokusanya makosa ambayo ni rahisi kutendeka:

“Bangi ya burudani imehalalishwa katika jimbo la Colorado, mwenye kibali aweza kufungua zahanati katika kanda yoyote isiyo karibu na shule.”

Sentensi hii haina kosa la sarufi, na msomaji ataielewa bila taabu. Hatari yake ndiyo hiyo: ataielewa upesi, naye ataelewa jambo ambalo sheria haikulisema. Na tuyapitie maneno yake moja moja.

Tuanze na zahanati. Kiingereza cha Marekani huliita duka la bangi kwa jina lile lile ambalo sisi tulikwisha kulitafsiri kuwa zahanati. Jina hilo lilishika kwa sababu maduka ya mwanzo yaliwahudumia wagonjwa. California iliruhusu bangi ya tiba kwa kura ya mwaka 1996. Lakini msomaji wetu anapoona zahanati humfikiria mganga, chanjo na mama mjamzito. Neno lipo, nalo ni jepesi: duka la bangi. Sheria ya Colorado yenyewe husema duka la rejareja.

Neno burudani nalo latuletea ngoma na taarabu. Wengine hupendekeza starehe, na wengine anasa, ambayo tayari ni hukumu. Sheria haikukusudia kueleza raha ya mtumiaji. Ilikusudia kuitenga bangi hii na ile ya mgonjwa mwenye hati ya daktari. Sheria za California hutumia maneno yenye maana ya matumizi ya watu wazima. Hapo pia pana mtego, kwani kwetu mtu mzima kisheria ni aliyetimiza miaka 18, na sheria hizi zataka miaka 21. Twapendekeza isemwe bangi isiyo ya tiba, na umri utajwe kwa tarakimu.

Kanda ndilo neno linalotutia mashaka zaidi. Wako waandishi wa mipango miji wanaolitumia kwa sehemu ya mji iliyopangiwa matumizi fulani, na hatuwalaumu. Lakini kwa Mtanzania wa kawaida kanda ni Kanda ya Ziwa au Kanda ya Kaskazini, yaani mkusanyiko wa mikoa. Akisoma sheria za kanda atadhani pana serikali ya kanda iliyozitunga, ambapo zimetungwa na halmashauri ya mji kuhusu viwanja vilivyo ndani ya mji huo tu. Neno la kutohoa, uzonishaji, twalikataa kwa sababu halimwelezi chochote asiyejua Kiingereza. Ofisi zetu za ardhi zina maneno yaliyokomaa: matumizi ya ardhi, eneo la makazi, eneo la biashara, eneo la viwanda, kubadili matumizi ya kiwanja. Basi na tuseme upangaji wa matumizi ya ardhi. Istilahi hii ni ndefu, twakubali. Lakini mwananchi aliyewahi kuomba kiwanja anaijua.

Kutoka hapo twaingia katika kibali, ambapo kosa ni la kuchanganya. Kiswahili cha ofisini kimekwisha kutofautisha maneno matatu. Ruhusa ni neno la jumla. Kibali hutolewa kwa tendo au mahali maalumu, kama kibali cha ujenzi. Leseni hutolewa kwa mtu au kampuni ili kuendesha shughuli kwa muda uliowekwa, kama leseni ya biashara au leseni ya vileo. Tofauti hii ni mali, nasi tusiitupe, maana mwenye duka la bangi huhitaji zaidi ya kimoja: leseni ya jimbo, idhini ya mji na kiwanja ambacho matumizi yake yanakubali biashara hiyo. Mfasiri akiviita vyote kibali, msomaji atapata kimoja na kudhani amemaliza.

Jimbo la Maine linatuonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito. Mwombaji hupewa kwanza na jimbo leseni ya hatua ya kwanza, kisha hutafuta idhini ya mji, na baada ya hapo ndipo hupewa leseni ya kufanyia kazi. Ile ya kwanza haimruhusu kuuza hata kidogo. Kuitafsiri kuwa leseni yenye masharti ni kumpotosha, kwa kuwa kila leseni ina masharti, na mtu aweza kufungua duka huku akiamini kwamba anayatimiza. Twapendekeza leseni ya awali kwa ile ya kwanza, na leseni kamili kwa ile ya pili.

Maneno karibu na shule si istilahi kabisa, ambapo sheria ni ya vipimo. California imeweka umbali wa futi 600, takriban mita 183, na kuiachia serikali ya mitaa uwezo wa kuweka umbali mwingine. Washington iliweka futi 1,000, na mwaka 2015 ikairuhusu miji kupunguza umbali huo kwa baadhi ya mahali, lakini si kwa shule za msingi na sekondari wala viwanja vya michezo ya watoto. Tena yapasa mfasiri aseme umbali wapimwa kutoka wapi hadi wapi. California hupima kwa mstari ulionyooka, kutoka mpaka wa kiwanja cha shule hadi mpaka wa kiwanja cha duka. Haihesabu hatua za mtembea kwa miguu kutoka mlango hadi mlango. Twapendekeza umbali wa lazima, na kipimo kitajwe palepale.

Tumelibakiza imehalalishwa kwa makusudi. Halali katika Kiswahili ni neno lenye mizizi ya dini na ya maadili. Kitu ni halali au ni haramu, hakuna kilicho halali kwa upande mmoja. Sheria tunazozizungumzia ni za pande tatu. Wapiga kura wa Colorado waliiruhusu biashara hii mwezi Novemba 2012, na maduka yakaanza kuuza tarehe 1 Januari 2014. Lakini katiba ya jimbo iliipa kila serikali ya mitaa uwezo wa kuyakataza maduka hayo. Mji wa Colorado Springs uliyakataza mwaka 2013, na wapiga kura wake hawakuyakubali hadi Novemba 2024. Maine ilifuata njia iliyo kinyume: duka haliwezi kuwapo mpaka mji wenyewe uamue kulikubali. Utaratibu wa kwanza twauita hiari ya kukataa, na wa pili hiari ya kukubali. Katika ule wa kwanza mji ukinyamaza, mlango u wazi. Katika huu wa pili mji ukinyamaza, mlango umefungwa.

Juu ya hayo yote kuna serikali ya shirikisho, ambayo haikuiruhusu biashara hii. Mwezi Aprili 2019 idara yake ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo uliofafanua kwamba shughuli za bangi, hata pale jimbo linapoziruhusu, zaweza kumzuia mwombaji wa uraia asithibitishe kuwa na mwenendo mwema. Ajira katika biashara hiyo imo ndani ya shughuli hizo. Mkimbizi aliyesoma katika lugha yake kwamba bangi imehalalishwa, akaomba kazi ya kufunga vifurushi dukani, aweza kuupoteza uraia aliousubiri miaka mingi. Hakuvunja sheria ya jimbo wala ya mji. Neno moja ndilo lililomficha sheria ya tatu. Kwa hiyo twashauri neno kuhalalisha liepukwe katika hati za namna hii, na pahali pake isemwe kuruhusiwa, kisha atajwe daima aliyeruhusu.

Sentensi yetu, ikisahihishwa, itasomeka hivi:

“Sheria ya jimbo la Colorado inaruhusu kuuzwa kwa bangi isiyo ya tiba kwa waliotimiza miaka 21, ingawa sheria ya shirikisho haikuruhusu, mwenye leseni ya jimbo na idhini ya serikali ya mitaa aweza kufungua duka mahali ambapo mpango wa matumizi ya ardhi unakubali na umbali wa lazima kutoka shuleni umezingatiwa, isipokuwa katika mji uliokataza.”

Imekuwa ndefu maradufu, na haina ulaini wa ile ya kwanza. Lakini msomaji wake anajua sasa ni milango mingapi anayopaswa kubisha, na nani yuko nyuma ya kila mmoja. Wenye maoni tofauti, hasa juu ya kanda na leseni ya awali, tunawakaribisha watuandikie.