Ukurasa Asilia wa Katuni ni Mswada

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni la wafungaji wa mizigo kuliko la wanaisimu: namna kurasa asilia za hadithi za katuni zinavyobebwa na kulindwa zinapopelekwa kwenye maonyesho. Kwa ukurasa asilia tunamaanisha ile karatasi nene aliyoichora msanii kwa mkono wake, kwanza kwa penseli, kisha kwa wino wa Kichina, kabla kazi haijapigwa chapa. Dai letu ni kwamba karatasi hiyo ni mswada, na ya kuwa anayeiharibu anapoteza pia habari za lugha.

Mikutano mikubwa ya wapenzi wa katuni, kama ule wa San Diego, Marekani, ulioanza mwaka 1970, au ule wa Angoulême, Ufaransa, ulioanza mwaka 1974, imezoesha watu kutembea na kurasa hizo mkononi. Mchoraji huleta za kuuza, mnunuzi huleta zake zitiwe sahihi. Huko umezuka ujuzi mzima wa kuzilinda. Ukurasa wa Kimarekani, wenye upana wa sentimeta 28 na urefu wa 43 hivi, hulazwa ndani ya bahasha ya plastiki safi, kisha kati ya mbao mbili za karatasi ngumu zilizo pana kuliko wenyewe, ili pembe zisipondeke. Plastiki laini yenye harufu kali huepukwa, kwa sababu huweza kunata na kuondoka na wino. Katika ndege mzigo huo hausafiri na masanduku mengine, mwenyewe huupakata.

Mashauri haya ni mema, nasi tunayapokea. Hata hivyo shabaha yake ni bei. Mnamo Januari 2021, mjini Paris, mchoro wa Hergé wa mwaka 1936, uliokusudiwa kuwa jalada la Le Lotus bleu, uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 3, ingawa alama za kukunjwa zilionekana wazi. Ilisimuliwa kwamba ulikunjwa na kuwekwa katika droo ya mtoto wa mchapishaji. Kwa mnunuzi mikunjo hiyo ni dosari iliyosamehewa. Kwa mtafiti wa miswada ni habari: mchoro ulikataliwa, ukatoka mikononi mwa mwenyewe. Lakini mwanaisimu anatafuta kitu kingine tena, nacho kimo ndani ya viputo, yaani yale maduara ya maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika.

Mwaka juzi, katika maonyesho madogo mjini Lubumbashi, mchoraji mmoja mwenye umri wa kuwa baba yangu alileta ukurasa wa hadithi yake ya zamani. Alikuwa ameukunja kama mkeka na kuutia ndani ya bomba la plastiki la kupitishia maji. Bomba lilizuia mvua barabara nzima, na kwa hilo tumsifu. Ila rangi nyeupe ya kusahihishia, ikikauka, haipendi kukunjwa: tulipoukunjua ukurasa, ilibanduka vipande vipande juu ya meza. Chini yake katika kiputo cha kwanza, palipoandikwa kwa wino Watoto wako wapi?, penseli ilisema: Batoto beko wapi? Katika cha pili, Ndivyo ilikuwa imefunika Njo vile.

Msomaji wa bulletini hii hahitaji kufafanuliwa ba- ya Lubumbashi na wa- ya vitabuni. Aangalie lakini hasara iliyoletwa na usahihishaji. Mama wa hadithi anamwuliza jirani habari za watoto waliopotea, wasio wa jirani huyo. Batoto beko wapi? haina utata. Watoto wako wapi? yaweza kusomwa kama swali juu ya watoto wa jirani mwenyewe, maana wako ni kitenzi na ni kimilikishi pia. Aliyesanifisha alitia ukungu pale palipokuwa peupe. Tena hakuwa mchoraji: mzee aliniambia kwamba maneno ya wino yaliandikwa na mtu mwingine kabla ya kuchapwa, na kweli herufi zilikuwa za mkono mwingine. Ni mara ngapi tumeandika, kwa kutegemea chapa peke yake, kwamba wachoraji wetu wa zamani walipendelea Kiswahili sanifu?

Kiputo cha tatu kilikuwa kizima. Tuliuinua ukurasa mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya rangi nyeupe hata penseli ikasomeka. Njia hii haigharimu kitu, nami naipendekeza kwa wanafunzi wetu.

Kisha mzee akauliza: "Mwalimu, tutafanya namna gani?" Mwandalizi mmoja akashauri ukurasa ugandishwe juu ya karatasi ngumu na kufunikwa plastiki kwa moto, usibanduke tena. Mimi nilikubali, naliona ni kuokoa. Saa moja baadaye uling'aa kama kadi ya mpiga kura. Gundi ile ya moto haiondoki bila kuung'oa wino, na mwanga haupiti tena. Ilitosha kuulaza juu ya ubao, kuufunika kwa karatasi safi isiyosugua penseli, na kuuweka mbali na jua. Kwa maonyesho nakala ya fotokopi ingefaa kabisa.

Kurasa za Papa Mfumu'Eto, aliyeandika Kilingala mjini Kinshasa tangu miaka ya 1990, leo zinahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Wanaozitunza tunawashukuru, ingawa mwanafunzi wa Kinshasa ataomba viza kabla ya kuziona. Za Kiswahili cha kwetu ziko wapi? Nyingi, nadhani, zimo chini ya vitanda na ndani ya mabomba.

Ukurasa ule ulikuwa na viputo saba. Nilinakili vitatu. Katika cha nne mama anajibiwa na jirani, kwa mistari mitatu mirefu ya wino, na rangi nyeupe chini yake ni nene.