Geji ya Nyodo Juu, Geji ya Maji Chini

Waliopita Kibuye, Kisumu, siku hizi na kuchungulia ndani ya ile Subaru Forester ya rangi ya fedha, SG5 yenye tabo, wameshajua kinachozungumzwa hapa. Geji tatu mpya zimeingia. Ya presha ya tabo, milimita 60, imekaa kwenye nguzo ya kulia ya kioo cha mbele, sawasawa na jicho la dereva. Ya presha ya oili iko chini yake. Kikombe cha nguzo kilikuwa na matundu mawili tu, kwa hiyo ya joto la maji ikachimbiwa shimo lake kati ya gia na handbreki, uso ukatazama dari.

Dari!

Safu hii haina ugomvi na mkono wa fundi. Kila geji ina fyuzi yake, sensa ya oili ni ya umeme badala ya ule mrija unaoleta oili ya moto hadi karibu na magoti ya dereva, na adapta iliyokatiwa kwenye mpira wa juu wa rejeta imepewa waya wake wa ethi. Kazi safi.

Kilichoharibika ni uamuzi. Mwenye gari na fundi wake walikuwa na kiti kimoja cha mbele cha kugawa, wakampa mgeni mwenye nyodo. Geji ya tabo hupendeza: mshale unaruka, abiria anauliza, dereva anapata la kueleza. Lakini kwenye gari ambalo halijaguswa programu ya injini, geji hiyo humwambia dereva yale ambayo sikio na mgongo vimeshamwambia. Kompyuta ya kiwandani ndiyo inayoizuia presha isipite kiasi, na dereva hana la kuongeza. Maji yakipanda joto hayapigi kelele. Harufu ya kwanza inapofika puani, gasketi ya hedi huenda imeshakwenda, na kwa injini za Subaru hakuna fundi wa mji huu anayehitaji kuelezwa maana yake.

Watasema mshale wa kiwandani upo mbele ya dereva, hiyo nyingine ni ya ziada tu. Hapo ndipo hoja inapowageukia. Mshale wa maji wa magari mengi ya kisasa umetulizwa makusudi, ili mteja asitishwe na kila mabadiliko madogo. Unasimama katikati huku maji yanapanda nyuzi kadhaa, halafu siku ya msiba unaruka kwa mkupuo. Sababu pekee ya kununua geji ya pembeni ni kuyaona yale ambayo ule wa kiwandani unayaficha. Sasa mtu ameinunua, ameilipia sensa, amemlipa fundi, kisha ameizika mahali ambapo hataiona.

Na hataiona hasa pale atakapoihitaji. Chukua barabara ya Kericho. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kericho imepita mita 2,000. Uwanda wa Kano hadi Ahero ni tambarare, hata rejeta iliyoziba nusu inavumilia. Awasi ikishabaki nyuma, ardhi inaanza kuinuka, lori la miwa liko mbele, kiyoyozi kinavuta, na dereva anashusha gia. Mkono wa kushoto uko wapi? Kwenye gia. Kiwiko kiko wapi? Juu ya geji ya maji. Huko juu maji ya kawaida huchemka karibu na nyuzi 93, si 100, na kifuniko cha rejeta kilicholegea hakiwezi kuyasaidia. Zile nyuzi chache kati ya salama na hasara zinapita chini ya mkono wa shati.

Akikumbuka kuondoa kiwiko, bado ainamishe kichwa. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, katika mwongozo wake wa 2013 kuhusu skrini za ndani ya gari, ilipendekeza jicho lisiondoke barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, na skrini isikae chini sana kuliko nyuzi 30 kutoka mstari wa macho. Shimo la kando ya handbreki halimo ndani ya kipimo hicho hata kwa upendeleo. Taa ya onyo ya geji hiyo? Inawaka vizuri sana, kwa faida ya dari.

Tena hata hiyo nguzo ya kulia ni mahali pabaya. Kenya huendesha kushoto. Kwenye mzunguko anayepewa njia ni anayetoka kulia. Nguzo ya kulia tayari inameza pikipiki nzima kwa dereva asiyesogeza kichwa. Bandika geji mbili juu yake, kisha ingia mzunguko wa Kachok saa kumi na moja jioni, tuktuk na boda boda zikija kama nyuki. Kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya pazia, kitambaa chake hushuka hadi ndani ya nguzo hiyo hiyo, na kipande cha plastiki kilichofungwa mbele yake kinaweza kugeuka kombora.

Safu hii inajulikana kwa kinyongo chake na Vitz ya 1999, iliyohamishia spidomita ya tarakimu katikati ya dashibodi, na haijasamehe bado. Lakini angalau Toyota waliiweka juu na mbali, jicho lisishuke. Kinyongo kingine ni geji za rangi saba zinazobadilika kwa rimoti. Hizo haziwezi kujadiliwa bila hasira, kwa hiyo tuziache.

Wakongwe walilijua hili. Datsun 240Z iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973, ilitoka kiwandani na vikombe vitatu vidogo juu katikati ya dashibodi, kila kimoja kimegeuzwa kumtazama dereva. Hakuna cha dari. Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho, juu kabisa ya mpando huo huo. Wazee wa mashindano walikuwa na hila nyingine isiyogharimu chochote: walizungusha geji kwenye tundu lake hadi mshale, injini ikiwa na afya, uelekee juu wima. Dereva hakusoma tarakimu. Mshale uliolala ulimwambia.

Na SG5 ina jibu lake tayari. Katikati ya dashibodi, juu, kuna kisanduku chenye kifuniko ambacho watu huwekea miwani na risiti za mafuta. Geji tatu za milimita 52 zinaenea humo: maji upande wa dereva, oili katikati, tabo mwisho kabisa kwa ajili ya abiria anayeipenda. Kasoro zipo. Usiku mwanga wake huakisi kwenye kioo, na anayeelekea Busia jioni, akishapita Kisian, jua linampiga usoni na kufuta kila kitu; kofia fupi ya plastiki nyeusi hupunguza yote mawili. Kinachotakiwa ni skrubu. Gundi ya pande mbili huyeyuka kwenye gari lililoegeshwa juani Kisumu, na geji inakutwa sakafuni.

Tundu la kando ya handbreki haliwezi kuzibwa bila kununua kipande kizima. Nguzo ni rahisi zaidi: fundi hakutoboa plastiki ya kiwandani, aliivua nzima. Iko kwenye buti ya Forester hiyo, imefungwa kwa gazeti, klipu zake zote zimehesabiwa ndani ya mfuko.