"Kwangu" na "Yangu": Maneno ya Nyumba Mahakamani

Yako maneno mawili ambayo Mswahili huyatamka kila siku pasipo kuyachanganya: "kwangu" na "yangu". Mpangaji humwambia mgeni, "Karibu kwangu," wala hasemi uongo. Lakini mgeni akiuliza nyumba ni ya nani, atatajiwa mwenye nyumba. Kwangu ni pale nikaapo. Yangu, katika jibu la namna hii, ni mali.

Kwa hiyo atakayedai kwamba Kiswahili hakina njia ya kutenga umiliki na ukaaji atakuwa ameisahau sarufi. Kasoro iko katika kitenzi "kumiliki", ambacho tumekitwika mizigo miwili. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mwenye kiwanja kilichopimwa hupewa haki ya kukikalia, kwa muda usiozidi miaka 99. Walakini karatasi yake twaiita "hati miliki". Jina limeipita haki yenyewe.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Mara nyingi mke hukaa miaka mingi katika nyumba ambayo karatasi zake zina jina la mume pekee. Ndoa ivunjikapo, mume huonyesha hati na kusema, "Naimiliki", mke husema, "Hapa ni kwangu." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuipuuza kauli ya pili. Kifungu cha 59 chamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ingalipo. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Basi, kwangu kwaweza kuzaa yangu.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Wenye kufasiri wasingoje tena. Napendekeza "umiliki" libaki kwa mali, "ukaaji" kwa kukalia, na karatasi ya kiwanja iitwe "hati ya ukaaji". Neno moja likiendelea kubeba maana zote mbili, atakayeumia ni yule asiyekuwa na karatasi.