Faili Lenye Mtu Ndani

Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013, huitambua sonona kwa orodha ya dalili tisa. Daktari akiziona tano, zikiwa zimemkalia mtu kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo ikiwa ni huzuni au kukosa hamu ya yale yaliyokuwa yakimfurahisha, jina la ugonjwa limepatikana. Ukizipanga dalili hizo kwa kalamu utapata michanganyiko 227 inayokidhi masharti. Wagonjwa wawili wanaweza kuandikiwa ugonjwa uleule huku wakichangia dalili moja tu. Na hiyo moja, ikiwa ni ya usingizi, huenda huyu anakesha na yule analala kutwa kucha. Siilaumu orodha. Bila hiyo, madaktari wa nchi mbili wangetaja jina moja la ugonjwa kila mmoja akiwa na lake moyoni. Lakini orodha haisemi kipi kilitangulia, mgonjwa alikuwa akiishi na nani, wala alikuwa akijiambia nini. Hayo ni ya fundi mwingine, mwandishi wa kisa cha mgonjwa, na ndiye ninayetaka kumsifu. Sigmund Freud, alipochapisha visa vyake pamoja na Josef Breuer mwaka 1895, alikiri kwa haya kidogo kwamba vinasomeka kama hadithi fupi, kana kwamba vimekosa muhuri wa sayansi.

Hakuwa na sababu ya kuona haya, maana watunga hadithi walikuwa wamekwisha kufika huko. Nikolai Gogol alichapisha shajara yake ya mwendawazimu mwaka 1835, zaidi ya miaka 70 kabla ya Eugen Bleuler kulileta neno skizofrenia mwaka 1908. Poprishchin, karani wa ngazi ya chini huko St. Petersburg, anaandika mambo ya kawaida kwa tarehe za kawaida: ofisi, kalamu anazomchongea mkurugenzi, binti wa mkurugenzi. Kisha anawasikia mbwa wakizungumza. Baadaye tarehe zenyewe zinaharibika, Aprili inafika siku ya 43, na karani ametambua kwamba yeye ni mfalme wa Hispania. Anapopelekwa kwa wendawazimu na kupigwa fimbo, anadhani hizo ni desturi za ikulu ya Hispania. Orodha ingesema tu kwamba ana imani zisizo za kweli. Gogol anatuonyesha zinavyofanya kazi: kila kitu ambacho kingepaswa kuibomoa imani hiyo kinageuzwa kuwa nguzo yake. Euphrase Kezilahabi naye, katika riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971, anatuonyesha kipigo cha Zakaria, baba yake Rosa, kabla hatujamwona Rosa akiwa mbali na nyumbani. Anayekutana na Rosa chuoni tu atampa jina baya. Aliyekuwapo siku ya kipigo hawezi kulitamka kwa wepesi huo.

Hata hivyo mtunzi ni mwenye mali. Hakuna litakalozuka katika maisha ya Poprishchin ambalo Gogol hakulitaka. Mwandishi wa kisa hana uhuru huo, na kwangu ubora wake hupimwa hapo: je, ameyaacha ndani ya kisa mambo yanayomharibia hadithi yake?

Tazama sura ya mwisho ya kitabu cha daktari wa magonjwa ya akili Frantz Fanon cha mwaka 1961, ambacho Kiswahili kinakijua kwa jina Viumbe Waliolaaniwa, alimokusanya visa vya wagonjwa wa vita vya Algeria. Polisi mmoja Mfaransa alikuwa hapati usingizi kwa mayowe ya watu aliowatesa kazini. Siku moja alifika kuonana na Fanon asimkute, akaamua kutembea katika viwanja vya hospitali ya Blida, alikofanya kazi Fanon. Fanon alimkuta ameegemea mti, anatetemeka, jasho linamtoka. Alikuwa amekutana na Mualgeria ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumhoji, na ambaye sasa alikuwa mgonjwa wa hospitali hiyohiyo. Fanon alipomtafuta Mualgeria yule, alikuta amejificha chooni akijaribu kujiua. Aliamini polisi wamekuja kumchukua tena. Wauguzi walihangaika muda mrefu kumshawishi kwamba alichokiona hakikuwapo. Hapo tiba inalazimika kumdanganya mgonjwa aliyeona sawasawa, na Fanon hakulificha hilo, ingawa haliisifu hospitali yake.

Katika sura hiyohiyo anamjibu J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, na ambaye kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Carothers alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wagonjwa walirundikwa mpaka wakawa kiumbe mmoja anayeitwa Mwafrika, na katika rundo hilo hakubaki hata mtu mmoja wa kumbishia daktari.

Kuna wanaosema kisa kimoja si ushahidi. Kwa maswali ya wangapi na mara ngapi, hawakosei. Lakini H.M., Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa, alipoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, na mwanasaikolojia Brenda Milner akampa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu mfululizo mkono ulizidi kuwa hodari, ilhali kila siku mwenyewe alidai hajawahi kuliona zoezi hilo. Mtu mmoja alitosha kuonyesha kwamba kumbukumbu si kitu kimoja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hadithi tamu hudanganya. Breuer, yule mwenzake Freud, alimwandika mgonjwa wake Anna O. kama mtu aliyepona kwa kuzungumza, akigusia tu kwamba ilichukua muda kabla hajatengemaa. Kumbe mwaka 1882 alilazwa katika kituo cha Kreuzlingen, Uswisi, akiwa bado na maumivu na akitegemea mofini. Bertha Pappenheim, kwa jina lake halisi, alikuja kuwa kiongozi mashuhuri wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani, lakini si kwa njia ya mkato iliyosimuliwa. Nakubali kosa hilo ni kubwa. Ila lilifichuliwa na nini? Na faili la Kreuzlingen, yaani kisa cha mtu yuleyule, kilichoandikwa na mkono usiokuwa na haja ya ushindi.

Mkono wa namna hiyo ndio wa Fanon pia, anapoeleza habari za inspekta wa polisi aliyekuwa akimpiga mkewe na watoto wake, hata yule mdogo kabisa. Inspekta alijua fika kwamba chanzo ni kazi yake ya kutesa watu. Mwandishi wa riwaya angeshawishika kumfanya arudishe sare. Inspekta huyu hakuwa na nia ya kuacha kazi. Alimwomba daktari amsaidie kuendelea kutesa bila majuto. Fanon aliliandika ombi hilo kama lilivyotolewa, kisha akahamia kundi jingine la visa.