Taa Inayoitika

Koroboi, taa ya mkebe, utambi na mafuta ya taa, iliwajua watu wa nyumba. Mlango ukifunguliwa, mwali uliinama. Mtu akipita, vivuli vya ukutani vilitikisika pamoja naye. Swichi ya umeme ilituondolea moshi, na hakuna anayestahili kusoma tena kwenye masizi yale, lakini pamoja na moshi ilikwenda ile hali ya kuitika: balbu huwaka au huzimika, chumbani kuwe na mtu au kusiwe. Ndiyo maana namheshimu fundi anayeketi na chuma cha kulehemu, bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuongoza taa, na karatasi, akaunda taa inayohisi mkono ukiikaribia. Anakirudisha kitu tulichokipoteza, na kukirudisha si kazi nyepesi.

Ugumu hauko katika kuwasha. Uko katika kufifiza. Ili kufifiza, bodi ya Arduino Uno huiwasha na kuizima taa mara 490 hivi kwa sekunde, na jicho huona wastani tu. Viwango vya mwanga ni 256, kuanzia 0 hadi 255, lakini jicho halipandi ngazi hiyo kwa hatua sawa. Kutoka 1 kwenda 2 mwanga huwa maradufu, na mruko huonekana wazi. Kutoka 200 kwenda 201 hakuna atakayeng'amua. Taa ya fundi asiyelijua hili hushtuka gizani, kisha huonekana kama imeganda. Anayelijua huongeza kidogokidogo chini na kwa kasi juu, tena huijaribu usiku, maana mchana macho humdanganya. Halafu huja kivuli cha taa, ile karatasi inayoifunika. LED, kitaa kidogo kinachotoa mwanga, ni nukta kali. Ikikaribia mno karatasi, nukta huonekana. Mchongaji Isamu Noguchi, alipoanza taa zake za Akari mwaka 1951 baada ya kufika Gifu, Japani, alitandaza karatasi ya mforosadi juu ya mianzi, na karatasi yenyewe ikawa ndiyo inayong'aa.

Wapo watakaosema madukani zimejaa taa za kubadilisha rangi kwa simu. Zipo, lakini hungoja amri, na anayeziamuru hukodolea macho kioo cha simu badala ya kukaa na mwanga. Mwaka 1995 Mark Weiser na John Seely Brown, wa kituo cha utafiti cha PARC kule California, waliandika juu ya teknolojia tulivu, wakatoa mfano wa kamba ya plastiki ya futi 8 aliyoining'iniza msanii Natalie Jeremijenko: mota iliichezesha kadiri data zilivyopita kwenye mtandao wa ofisi, na watu walijua pilikapilika bila kuinua kichwa. Taa inayohisi mkono hutafuta utulivu huohuo, na kila sehemu yake inadai uamuzi. Mkono ukiondoka, mwanga ufifie kwa sekunde ngapi? Moja ni kama kumfunga mtu mlango usoni. Sitini, naye ameshasahau kwamba ni yeye aliyeuwasha. Fundi hubadilisha namba, huzima taa ya chumba, husogeza mkono, huuondoa, hungoja.